Muumini anayejificha hufika kwa daktari akiwa amechelewa

Mwaka juzi aliletwa chumbani mwangu kijana wa miaka 24, ameshikiliwa na dada yake ili asianguke. Uzani wake ulikuwa kilo 41. Ulimi wake ulikuwa umefunikwa na utando mweupe, hata uji ulimshinda kumeza, na alikuwa amekohoa kwa miezi miwili. Nilipomwuliza kama aliwahi kupimwa virusi vya ukimwi aliinamisha kichwa. Dada ndiye aliyenijibu. Alipimwa, akapatikana navyo, akaanzishiwa dawa na akanawiri vizuri. Kisha akaziacha.

Sababu ya kuziacha ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Kijana huyu alikuwa akiimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa lao. Siku moja alimweleza kiongozi mmoja, kwa siri, kwamba tangu utotoni hajawahi kuvutiwa na wasichana, ila wanaume wenzake. Juma lililofuata siri hiyo ilikuwa imewafikia wazee wote wa kanisa. Aliondolewa katika kwaya, akaamriwa afunge kwa siku 21 ili pepo limtoke, na akaambiwa kuwa kumeza vidonge wakati wa maombi ni kukosa imani. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini kisa chenyewe ndicho hicho. Alipokuwa amelala wodini aliniuliza swali moja tu, nalo halikuhusu dawa: "Daktari, nikifa nani atanizika?"

Mpendwa msomaji, katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za malaria, shinikizo la damu na lishe ya watoto. Leo nataka tuzungumze juu ya kanisa lako au msikiti wako, na namna unavyoweza kumpokea mtu ambaye ni shoga au msagaji, au anayejihisi kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Nazungumza kama daktari, kwa kuwa yanayosemwa ibadani Jumapili huingia katika chumba changu Jumatatu.

Rai yangu ni hii. Watu hawa si wageni watakaobisha hodi kesho. Wamo ndani tayari. Wanaimba katika kwaya, wanafundisha watoto shule ya Jumapili, wanahesabu sadaka na kupanga viti. Swali lililo mbele yenu ni kama wataweza kuishi miongoni mwenu bila kujificha, kwani kujificha ndiko kunakowaua.

Si maradhi

Kwanza tuondoe kosa moja la kitabibu. Muungano wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliuondoa ushoga katika orodha yake ya maradhi mwaka wa 1973. Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo mnamo Mei 17, 1990. Kuhusu wale wanaojihisi kuwa wa jinsia nyingine, shirika hilo hilo liliidhinisha orodha mpya mwaka wa 2019, iliyoanza kutumika 2022, na ambayo haiwahesabu tena kuwa wagonjwa wa akili. Mwaka wa 2016 chama cha kimataifa cha madaktari wa akili kilisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa mvuto wa mtu kwa jinsia yake unaweza kubadilishwa kwa tiba, na kwamba majaribio ya kuubadilisha huleta madhara.

Huwezi kumponya mtu kitu ambacho si ugonjwa. Unaweza tu kumwongezea ugonjwa mwingine juu yake. Kijana yule hakuletwa kwangu na ushoga wake. Aliletwa na kifua kikuu, ukungu wa kooni, njaa ya siku 21 na dawa zilizoachwa kabatini.

Nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa daktari mpya, mwanamume mmoja alinieleza jambo kama hilo akiwa amekuja kutibiwa kidonda. Badala ya kumchunguza nilimhubiria kwa dakika kumi, kisha nikamwandikia dawa bila hata kukitazama kidonda chenyewe. Hakurudi tena. Sijui kilichompata, na kila ninaposoma kuhusu kaswende iliyochelewa kutibiwa, humkumbuka. Kwa hiyo ninapowalaumu wahubiri najua fika kwamba sisi wenye makoti meupe tulikuwa na mimbari zetu vilevile.

Jinsi kujificha kunavyoua

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumlaumu mgonjwa. Mimi nauliza: ni nani aliyemfundisha kuficha?

Fikiria mtu anayejua kwamba muuguzi wa zahanati ya karibu ni mshirika wa kanisa lake. Hataenda hapo. Atasafiri mji mwingine, na akikosa nauli atakaa nyumbani. Akifika kwa daktari atataja jina la uongo na kueleza nusu ya dalili zake. Ugonjwa wa zinaa ambao ungeisha kwa sindano moja utaachwa hadi uingie damuni na kuharibu viungo. Tangu Mei 2017 nchi yetu inatoa vidonge vya kumkinga asiye na virusi vya ukimwi asiambukizwe, lakini vidonge hivyo havimfai mtu anayeogopa kuonekana akivichukua.

Yako mengine. Vijana wengi huozwa mke haraka ili "watulie". Mke huyo hajui lolote. Nimewahi kumpima mama mjamzito aliyekuwa mwaminifu kwa mumewe maisha yake yote, nikamkuta na virusi. Kanisa lililowafungisha ndoa lilijua habari za bwana harusi na likanyamaza, likitumaini kuwa ndoa ni dawa. Hapo watu watatu walitiwa hatarini, mmoja wao akiwa bado tumboni.

Uchambuzi wa maambukizi nchini uliotolewa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba takriban asilimia 15 ya maambukizi mapya ya ukimwi yalihusiana na wanaume wanaolala na wanaume, pamoja na magereza. Kundi dogo kama hilo halifikii kiwango hicho kwa sababu ya pepo. Hukifikia kwa sababu halifikiwi na mafunzo, vipimo wala dawa.

Kisha kuna moyo na akili. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Pediatrics uchunguzi juu ya vijana mashoga, wasagaji na wale wanaovutiwa na jinsia zote mbili. Waliokataliwa sana na jamaa zao walikuwa wamejaribu kujiua zaidi ya mara nane kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Vijana hao walilingana katika mvuto wao. Kilichowatofautisha ni jinsi walivyotendewa nyumbani. Na hapa kwetu, msomaji, mzazi hujifunza wapi jinsi ya kumtendea mtoto wa namna hiyo? Hujifunza kanisani na msikitini.

Tumewahi kujifunza somo hili

Huenda ukasema kwamba ninaomba jambo lisilowezekana. Lakini makanisa yetu yamekwisha kujifunza somo la aina hii, nami nililishuhudia nikikua.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini aligunduliwa mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliyeugua alihesabiwa kuwa mzinifu aliyepata malipo yake. Majirani waliogopa kumwamkua kwa mkono. Ibada za mazishi zilifanywa kwa haraka, au hazikufanywa. Agosti 1996 viongozi wa dini walichoma mipira ya kondomu hadharani katika bustani ya Uhuru, Nairobi, huku wodi zetu zikijaa.

Ni nini kilichobadilika? Nchini Uganda kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, alijitokeza mwaka wa 1992 na kusema kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Mwaka huo huo padri Mjesuti aliyekuwa pia daktari, Angelo D'Agostino, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa ajili ya watoto waliozaliwa na virusi na ambao hakuna aliyewataka. Mwaka wa 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2003 Byamugisha na wenzake wakaunda mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioathiriwa navyo. Taratibu, wahubiri waliokuwa wakitaja ukimwi kama laana wakaanza kutangaza siku za kupimwa mwishoni mwa ibada.

Hakuna aya hata moja iliyofutwa katika Biblia ili hayo yatokee. Kilichobadilika ni kwamba watu walikoma kuzungumza juu ya "wale", wakaanza kuzungumza juu ya mtu wanayemjua.

Mafunzo ya Mtwapa

Kwa upande wa mashoga tunao mfano wetu wenyewe, wenye machungu na matumaini pamoja. Mnamo Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa, katika Pwani, kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Baadhi ya viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, waliwahimiza watu wachukue hatua. Umati ulikizingira kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, na mtu aliyekuwa akihudumu huko kwa kujitolea akapigwa. Hebu litazame jambo hilo kwa macho ya daktari: waumini, baada ya kuhimizwa na viongozi wao, walikwenda kuvamia hospitali.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Katika miaka iliyofuata wahudumu wa afya na watafiti wa Pwani waliwaendea maimamu na wachungaji, wakaketi nao siku kadhaa za mafunzo, wakazungumza juu ya maandiko, juu ya ukimwi na juu ya hofu zao wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba chuki ya viongozi waliofunzwa ilipungua. Wasingeweza kufika huko kwa kutukanwa kuwa ni washenzi, wala kwa kuamriwa na wageni. Walifika kwa kuketi na kusikilizana.

Mtaanzia wapi?

Hapa nitaacha historia nikupe maagizo, kama ninavyomwandikia mgonjwa.

La kwanza ni ulimi. Usiruhusu mzaha wala matusi juu ya watu hawa mimbarini. Mhubiri anapochekesha kusanyiko kwa jina la kudhalilisha, yupo kijana mle ndani anayecheka pamoja na wengine huku akipanga jinsi ya kufa.

La pili ni siri. Mtu akikufunulia moyo wake, umepewa amana. Usiipeleke kwa baraza la wazee wala kuifanya "ombi maalumu" katika kikundi cha maombi. Daktari akitoa siri ya mgonjwa anaweza kupokonywa leseni. Mchungaji hana leseni ya kupokonywa, kwa hiyo inampasa awe mwangalifu zaidi.

La tatu, msitibu kisicho maradhi. Msimfungishe mtu chakula, msimpige ili pepo limtoke, msimwoze mke wa watu kama tiba. Na zaidi ya yote, mtu yeyote asiachishwe dawa. Mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Huo ndio muujiza ninaouona kwa macho yangu, nao hubatilika mara vidonge vinapotupwa.

La nne ni wazazi. Mama aliyegundua habari za mwanawe atamkimbilia kiongozi wa dini kabla ya kunijia mimi. Neno la kwanza atakaloambiwa ni muhimu kuliko dawa zote nilizo nazo. Akiambiwa "mfukuze", mtoto atalala barabarani, na barabarani kuna watu wanaomngoja. Akiambiwa "huyu ni mtoto wako, mlishe, mweke karibu", huenda mmeokoa maisha.

La tano ni kazi. Mwache mwimbaji aimbe. Mwache fundi atengeneze vipaza sauti. Mtu aliyeondolewa katika kila kazi na kubakishiwa kiti cha nyuma amekwisha kufukuzwa, hata kama mlango haujafungwa.

La sita ni mauti. Mzikeni. Semeni leo, kabla hajafa mtu, kwamba kusanyiko lenu halitamwacha muumini wake yeyote azikwe bila sala. Nimeona wagonjwa wakitulia kwa kuahidiwa jambo hilo tu kuliko walivyotulia kwa morifini.

Majibu kwa wanaopinga

Utaniambia: sheria inakataza. Ni kweli kwamba vifungu vya 162 na 165 vya sheria za adhabu tulivyorithi kwa Mwingereza vinaadhibu matendo fulani, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Lakini hakuna kifungu kinachomkataza shoga kusali, kuimba au kutibiwa, wala kinachomlazimisha mchungaji kuwa askari. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata watu hawa wana haki ya kuungana na kusajili chama chao.

Utaniambia: mafundisho yetu hayaruhusu. Mimi si mwanateolojia, wala sikuandikii leo ili kukubadilishia mafundisho. Lakini yasome hadi mwisho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka wa 1992, ambayo haikubali matendo hayo, inaagiza kwamba watu wa namna hiyo wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba wasibaguliwe isivyo haki. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana katika mkutano wa Lambeth mwaka wa 1998 waliyakataa matendo hayo, lakini katika azimio lilo hilo waliahidi kuwasikiliza wahusika na kuwahudumia waumini wote. Nusu ya kwanza ya maagizo hayo huhubiriwa kila mwaka. Nusu ya pili mimi sijawahi kuisikia mimbarini, na ninaenda kanisani kila juma.

Utaniambia: basi na waanzishe kanisa lao. Wapo waliofanya hivyo; tangu mwaka wa 2013 kuna kusanyiko dogo la Kikristo jijini Nairobi lililoanzishwa kwa ajili yao. Ni faraja kwa walio karibu. Lakini msichana wa kijijini hana nauli ya kwenda Nairobi kila Jumapili, na isitoshe, mama yake, shangazi zake na makaburi ya babu zake yako hapo kijijini. Kwa nini ahame ndipo apate kuomba?

Mwisho utasema: tukiwapokea, watoto wetu wataiga. Mvuto hauambukizi kama surua. Katika miaka yangu ya utabibu sijaona mtu aliyegeuzwa na jirani yake kanisani. Niliowaona ni waliolelewa na wazazi wacha Mungu, wakafundishwa yote waliyofundishwa ndugu zao, na bado wakawa walivyo. Watoto hao ni wenu. Hawakuletwa na meli.

Kijana niliyeanza naye alipona. Alirudia dawa, akatibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, na mara ya mwisho alipopanda mizani alikuwa kilo 58. Anafanya kazi. Haendi kanisani tena. Jumapili asubuhi, dada yake alinieleza, hufungulia redio kipindi cha nyimbo za dini, akaimba sauti yake ya tatu peke yake akifua nguo.

Nilimtibu mapafu na koo. Lile swali lake la wodini sijamjibu hadi leo, kwa kuwa daktari hana jibu lake. Wenye jibu ni ninyi mnaoketi naye ibadani.